Santuri Ni Yako, Wimbo Si Wako Peke Yako

Santuri ya zamani ikibakia nakala tatu, wanaojua ziliko huwa ni watu watatu, na aghalabu hawasalimiani. Wa kwanza anaamini yake ndiyo safi kuliko zote. Wa pili anajua yake ina ufa ila hasemi. Wa tatu hana hata chombo cha kuichezea. Kaizungushia gazeti, kaiweka juu ya kabati, na akija mgeni wa maana humtajia jina la mwimbaji kisha hubadilisha mazungumzo. Hao ndio wakusanyaji wetu wa santuri za Kiswahili, wa Mombasa na Nairobi, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, na siku hizi wa London na Paris pia. Ni watu wanaoupenda muziki kuliko wengi wetu. Ila kuna jambo wanalolifanya ambalo si la haki, na kwa kuwa mimi mwenyewe nina sanduku langu la sahani chini ya kitanda, naona ninayo ruhusa ya kulisema.

Nianze kwa kuwapa stahiki yao. Kaseti zilipotamba miaka ya 1980, sahani ziligeuka takataka. Zilirundikwa stoo pamoja na baiskeli mbovu, watoto wakazirusha uwanjani, nyingine zikawa vifuniko vya mitungi. Waliozikusanya walichekwa. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na hawa waligaagaa kweli: minadani, kwa mafundi redio, kwa wajane wa wenye baa, na kwenye vibanda vya Kenyatta Market jijini Nairobi ambako hadi leo mtu anaweza kupekua mafungu ya santuri mchana kutwa. Sehemu ya zilipendwa tunazozisikia leo ipo kwa sababu ya vidole vyao vyenye vumbi. Kinachonikera ni kile kinachofuata baada ya kuokota.

Tuchukue za zamani kabisa. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari na wenzake kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, ile ya nembo ya mbwa anayetega sikio kwenye gramafoni. Sahani zile zilikuwa za inchi 10, mizunguko 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo wa dakika tatu na ushei. Ziliuzwa Unguja, zikauzwa mrima, zikapanda bara, na biashara ikawa nzuri kiasi cha kuzivuta kampuni nyingine za Ulaya, Odeon na Columbia miongoni mwao, kuja kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Gramafoni ikawa kitu cha mkahawani na barazani, na sauti ya mwanamke wa shamba ikasikika mahali ambapo mwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Leo ziko wapi sahani hizo? Nyingi zilijimaliza zenyewe. Santuri ya 78 haikuwa ya plastiki. Ilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wanaoishi kwenye miti ya India, ukachanganywa na unga wa mawe. Ni ngumu, ni nzito, na ikidondoka sakafuni ni vipande. Sindano yake ilikuwa ya chuma, na maelekezo yalitaka ibadilishwe kila upande unapokwisha, maana chuma kilichokwisha kusagika huanza kukwangua mfereji. Mwenye mkahawa aliyeombwa wimbo uleule mara kumi kwa jioni moja hakuwa na moyo wa kutupa sindano kumi. Halafu vikaja Vita vya Pili vya Dunia, utomvu ukaadimika, na huko Uingereza na Marekani watu wakahimizwa kurudisha sahani kuukuu ziyeyushwe zipate kutengenezwa mpya. Ongeza unyevu wa pwani, ukungu unaokula karatasi ya lebo, na familia zilizohama ghafla zikaacha makabati yalivyo. Ndiyo maana kuna nyimbo ambazo nakala zake leo zahesabika.

Za baadaye zina kisa kingine. Miaka ya 1960 zilishika sahani ndogo za plastiki za mizunguko 45. Mombasa, duka la Assanand & Sons lilikuwa na lebo yake, Mzuri, iliyotoa taarabu za mji ule, za akina Matano Juma na Zuhura Swaleh. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodi studio za Radio Tanzania, na wimbo uliotakiwa kuwa santuri ilibidi ufike Nairobi kwanza. Mpaka wa nchi hizi mbili ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikawa ya kubahatisha. Mtu wa Morogoro anayetafuta sahani za bendi ya kwao huishia kuzitafuta Nairobi, tena kwa bei ya Nairobi.

Basi uchache upo, na hakuna aliyeupanga. Ninachobisha mimi ni ule uchache wa pili, unaotengenezwa na mikono ya watu juu ya ule wa kwanza.

Sisi tuliokuwepo Tanzania mwaka 1983 tunaujua. Serikali ilipoanza msako wa wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, watu waliokuwa wameficha sabuni, sukari na vitenge walivitupa vichakani usiku ili wasikutwe navyo. Kumbe vitu vilikuwepo siku zote; ni dukani tu havikufika. Sahani si sukari, na mwenye santuri hajavunja sheria yoyote, wala sitaki apelekewe mgambo. Lakini mwendo ni uleule. Kitu kikiwa adimu, anayekificha hukiongezea uadimu, na huo uadimu ndio unaomjengea jina.

Mazungumzo yenyewe nayajua kwa moyo.

"Shikamoo mzee. Nasikia unayo ile sahani ya Bombay."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Watu tu. Naweza kuisikiliza?"

"Mashine mbovu."

"Yangu ninayo, naweza kuja nayo."

"Basi njoo baada ya Ramadhani."

Ramadhani hupita, Mfungo Mosi ukaja ukaenda, Mfungo Tatu vilevile, na ile mashine haipati nafuu. Vijana nao wana namna yao: hutuma kwenye kundi la WhatsApp picha ya lebo, nusu imefunikwa na kidole gumba, na sekunde 15 za wimbo. Zikifika 16, umenyimwa. Ukiuliza zaidi unaambiwa "subiri bosi", na kusubiri huko hakuna mwisho. Watu wazima na vijana, tabia moja.

Wote hao wangekuapia kwamba wanalinda. Hapa ndipo ninapowataka wanisikilize vizuri, maana hoja yangu kubwa si ya ukarimu. Ni ya ufundi.

Ufa kwenye sahani ya 78 hugonga mara moja kila mzunguko. Upande wa dakika tatu huzunguka mara 234, kwa hiyo utasikia tiki 234 juu ya wimbo mmoja. Programu za kompyuta zinaweza kuzipunguza, lakini kila unapofuta tiki unaondoka pia na kipande cha udi au fidla kilichokuwa chini yake. Mahali sauti ya mwimbaji ilipopanda napo ndipo huchakaa kwanza, kwa sababu mfereji hapo una mawimbi makubwa na sindano nzito huyasaga. Maana yake ni kwamba sahani iliyopendwa sana imeliwa hasa pale ilipopendwa. Hapo programu haina dawa. Dawa ni nakala ya pili, kwa kuwa hakuna sahani mbili zilizochakaa sawasawa. Moja ina ufa mwanzoni, nyingine imekwaruzwa mwishoni. Mafundi wa nyaraka za sauti huzihamishia zote mbili kwenye kompyuta, wakazilinganisha, wakachukua sehemu safi ya kila moja na kuziunga zikawa wimbo mmoja mzima. Nakala ya tatu ikipatikana, mambo huwa mazuri zaidi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Ninayo mezani sahani ya 45 ya wimbo wa dansi wa miaka ya 1970. Kwenye lebo mwenye nayo wa kwanza ameandika jina lake kwa kalamu ya wino na namba 47, kwa hiyo bila shaka alikuwa na nyingine 46 zilizopangwa mahali. Wimbo umekatwa katikati kama ilivyokuwa desturi: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Upande A unang'aa mpaka unajiona. Upande B umekuwa wa kijivu, na ukiuinamisha kwenye mwanga unaona mifereji imepauka kuanzia nje hadi ndani. Sababu yake haihitaji mganga. Chemko liko upande B. Bwana huyu na wageni wake hawakuwa na subira ya mashairi. Waliiweka sindano pale gitaa linapochangamka na kuanza kucheza. Nakala nyingine ninayoijua iko kwa jamaa mmoja Mombasa, na yake ni kinyume kabisa: A imechoka, B haijaguswa. Inaelekea nyumba ile walipenda maneno. Mimi nina nusu ya wimbo, yeye ana nusu ya pili. Tulipohamisha kila mmoja upande wake mzima na kutumiana, tukapata kitu ambacho hata namba 47 mwenyewe hakukisikia kwa muda mrefu. Sahani yangu bado iko mezani kwangu, yake bado iko kwake Mombasa. Hakuna aliyempa mwenzake chochote alichokuwa nacho, na wote tumepata tusichokuwa nacho.

Basi mwenye kuhodhi anajinyima mwenyewe. Anakaa na wimbo mbovu, anautetea ubovu wake kwa miaka, ilhali dawa iko mtaa wa pili kwa mtu asiyemsalimia.

Wala sisemi watu waazimane sahani. Nisingemwazima mtu yeyote santuri ya 78, hata ndugu wa tumbo moja. Ikishapanda daladala si yako tena. Chombo ndicho kisafiri. Mashine ya kuzungusha, kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta na kompyuta yenyewe vyote vinaingia kwenye begi moja la mgongoni, na kazi inafanyika sebuleni kwa mwenye mali, yeye mwenyewe akiangalia, chai ikiwa pembeni lakini mbali na sahani. Kwa za 78 inatakiwa sindano pana, takriban mara tatu ya ile ya santuri za baadaye. Sindano nyembamba huogelea chini ya mfereji, ikakuletea vumbi badala ya wimbo. Kusafisha ni maji yaliyochujwa kitaalamu na tone la sabuni laini. Spiriti ni mwiko, maana huyeyusha ule utomvu, na nimewahi kuona sahani iliyosafishwa kwa spiriti: ilibaki na alama ya kitambaa ubavuni. Rekodi faili kubwa bila kulipamba, la biti 24 na kilohezi 96. Upande mmoja wa dakika tatu utakula kama megabaiti 100, kwa hiyo wapeane kwa flashi wasilaumiane kwa bando. Mapambo yatafanyika baadaye, na kila kizazi kitakuwa na programu yake bora. Piga picha ya lebo pande zote mbili, na nakili namba zilizochongwa kwenye sahani karibu na lebo, kwa sababu hizo ndizo humwambia mjuzi wimbo ulirekodiwa pamoja na upi. Na kasi usiiamini tu kwa kuwa imeandikwa 78. Nyingine zilirekodiwa juu au chini kidogo ya hapo, na ni sikio la mtu anayeijua taarabu litakalosema kama mwimbaji anakimbizwa.

"Nikitoa nakala, sahani yangu itashuka bei." Hoja hii naisikia kila mara, na ina sura ya akili. Haina ushahidi. Wenzetu wa Marekani wana mchezo huu kwa miaka mingi kuliko sisi, wakiwinda santuri za bluzi za miaka ya 1920 na 1930. Mwaka 2013 mkusanyaji John Tefteller alinunua kwenye mnada wa intaneti sahani moja ya Tommy Johnson wa Mississippi, "Alcohol and Jake Blues", kwa dola 37,100. Wimbo huo ulikuwa umekwisha kutolewa upya miaka mingi nyuma, ukichukuliwa kwenye nakala mbovu zaidi. Yeyote aliyetaka kuusikia angeusikia. Bei haikushuka hata senti. Anayenunua sahani ya namna hiyo ananunua kile kitu chenyewe, ile karatasi ya lebo na ile harufu, na faili haliwezi kumpa hayo. Tefteller huyohuyo kwa miaka mingi amekuwa akichapa kalenda inayofuatana na CD ya nyimbo adimu kutoka kwenye mali yake. Anauza kalenda, ndiyo, lakini nyimbo zinatoka nje ya nyumba.

Ninayempenda zaidi mimi ni Joe Bussard wa Frederick, Maryland, aliyefariki mwaka 2022. Chini ya nyumba yake alikuwa na santuri zipatazo 15,000, baadhi zikiwa ndizo pekee zinazojulikana, na kwa miaka mingi mtu akimwandikia kuomba wimbo alimrekodia kwenye kaseti kwa malipo kidogo na kuituma kwa posta. Waliomtembelea aliwapigia mpaka wakachoka wao. Hakuna aliyemdharau kwa kuwa nyimbo zake zilikuwa mikononi mwa watu. Alikuwa mfalme wa mchezo ule.

Sasa tugeukie zile zenye nakala zaidi ya moja, ambako uchoyo hauna hata kisingizio. Duka linafungwa, au nyumba ya marehemu inagawanywa, yanatokea maboksi ya sahani mia mbili au mia tatu. Huyapata mwenye fedha taslimu na gari siku hiyo. Anachagua zake 20. Zilizobaki, ambazo nyingi anazo tayari, anazipandisha juu ya zile za mwanzo, na nyingine anaziuza moja moja kwa mara kumi ya alichonunulia, kwa watu walewale waliomwambia duka linafungwa. Nimeona mtu ana nakala nne za sahani moja ya taarabu ya Mombasa na anajua fika nani anaitafuta. Ukimuuliza kwa nini, anasema "akiba". Akiba ya nini, sijapata jibu.

Hatuhitaji kubuni utaratibu mpya. Wake zetu na dada zetu wanacheza upatu kila mwezi, na hakuna mchezo unaotufundisha haki ya zamu kuliko huo. Aliyepokea mwanzo safari hii hapokei mwanzo safari ijayo. Aliyenunua boksi achukue anazokosa, ni haki ya jasho lake na mafuta ya gari lake. Zinazobaki zipite kwa wenzake kwa bei aliyonunulia, ikigawanywa kwa idadi ya sahani na kuongezwa gharama za usafiri. Wawili wakitaka sahani moja, ipigwe kura, na aliyekosa aandikwe wa kwanza kwenye boksi linalofuata. Atakayechukua kwa bei ya kindugu kisha akaiuza kwa bei ya mnada asipewe zamu tena. Kwenye upatu mtu huyo hujulikana mtaa mzima kabla ya Alhamisi.

Wapo wanaoniambia, "Tukifungua milango, Wazungu watachukua." Wamekwisha kuchukua, ndugu zangu, na wakati sisi tunafichana, baadhi yao ndio walioturudishia. Mfululizo wa Zanzibara, ulioanza mwaka 2005 kwa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, juzuu yake ya pili ni taarabu ya Mombasa ya mwaka 1965 hadi 1975. Albamu ya "Poetry and Languid Charm" yenye muziki wa Kiswahili wa miaka ya 1920 hadi 1950 ilitoka Uingereza mwaka 2007. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Kenya, Uganda na Tanganyika na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950, akarudi tena 1952, na alichokirekodi kimehifadhiwa kwenye maktaba aliyoiasisi mwaka 1954, iliyopo sasa Grahamstown, mji ambao leo unaitwa Makhanda, Afrika Kusini. Miongoni mwa rekodi hizo ni "Chemirocha", wimbo wa wasichana wa Kikipsigis kuhusu mwimbaji wa Kimarekani Jimmie Rodgers, ambaye sauti yake waliisikia kwenye gramafoni wakamdhania nusu mtu nusu mnyama. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala za rekodi zile zilipelekwa vijijini Kenya kwa waliobakia na kwa watoto wao. Safari hiyo ilianzia Afrika Kusini. Sisi tunashindwa kutoa wimbo Kariakoo ukafika Magomeni.

Na taasisi nazo zisijifiche nyuma ya wakusanyaji. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikiwauzia wasikilizaji nakala za kaseti kutoka kwenye hazina yake. Ulikwenda, ukalipa, ukarudi na muziki. Kanda zile zilirekodiwa kwa fedha ya umma. Hazina ya umma ambayo umma hauwezi kuisikiliza mpaka uwe na rafiki ndani ni kabati kubwa zaidi tu.

Liko jambo moja ambalo katika kushangilia kugawana watu hulisahau, nalo ni mwenye wimbo. Kugawana nakala kati ya watu watano wanaotafuta nusu ya pili ya wimbo ni kitu kimoja. Kuupakia mtandaoni ukachuma matangazo kwa jasho la marehemu ni kingine, na kinafanyika kila siku, mara nyingi kwa jina la bendi lililokosewa. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Ya Kenya ya mwaka 2001 nayo ni hivyo hivyo, na rekodi yenyewe ya sauti huilinda kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950, kwa hiyo tungo zake mwenyewe ziko huru. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Alichokitunga ni mali ya warithi wake hadi mwishoni mwa mwaka 2029. Anayetaka kutoa albamu au kuchuma mtandaoni aende ofisi ya hakimiliki, COSOTA, au COSOZA kama ni Zanzibar, na kabla ya hapo aende nyumbani kwa familia. Mara nyingi hawana hata nakala moja ya baba yao. Mimi naona faili la kwanza lingepaswa kwenda kwao, kabla ya kundi lolote la WhatsApp.

Mwisho wa mwenye kuhodhi tunaufahamu wote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee anafariki, watoto wako Dubai na Arusha, wana siku chache za kufunga nyumba. Chumba kimejaa sahani zisizo na orodha, na yeye alikuwa ndiye orodha. Anayekuja kwanza na bajaji ndiye anayebeba, na asichokijua anakitupa. Mkusanyaji aliyeishi miaka 40 akiogopa kuibiwa huishia kutawanywa na mtu asiyejua hata kusoma lebo. Wenzake ambao wangeweza kuwaambia wale watoto "hii usiuze, hii ni ya pekee" hawajui kilichomo, kwa sababu hawakuonyeshwa.

Kwa hiyo, mwenzangu mwenye sahani, kabla mwaka haujaisha chukua daftari, au simu kama daftari limekushinda, uandike kila santuri uliyonayo: mwimbaji, wimbo, lebo, namba, na hali yake, ufa ukitajwa bila haya. Mpe mtoto mmoja nakala, mpe na rafiki mmoja anayejua mambo haya. Kisha mfuate yule usiyemsalimia, umuulize upande gani wa sahani yake ni mzima. Orodha yangu mimi imekwisha kuandikwa, iko wazi kwa atakayeiomba, na zile ninazo nakala mbili nimezitia alama: zinaondoka kwa bei niliyonunulia.